Ndugu Wabaki Nje

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani, kubwa, yenye fremu ya rangi ya dhahabu, nami nikacheka mpaka mkadhani nimezidiwa na furaha. Nilifurahi kweli. Ila Guangzhou, kule China nilikojifunzia kazi hii, humpi mtu saa kama zawadi, maana ni sawa na kumtakia safari ya makaburini. Nimeitundika sebuleni hivyo hivyo. Inakwenda vizuri, na mimi bado nipo.

Mliniomba niandike chochote kwa ajili ya mnaobaki chumba cha picha. Vyeo sitavigusa. Nitajibu swali moja tu, lile mlilokuwa mkinong'ona kila siku ya kliniki ya matiti: kwa nini Mama Neema anawatoa ndugu nje? Kwa nini mama mzazi, dada, hata mume aliyelipa, wote wakae kwenye benchi mpaka mgonjwa amalize kuulizwa maswali? Mmeniita mkali. Mmoja wenu, simtaji lakini anajijua, alinibatiza trafiki. Haya, kaeni niwaeleze. Majina ya wagonjwa nimebadilisha, na yule ambaye habari hii ni yake ameniruhusu kuisimulia.

Guangzhou nilikwenda kusomea upigaji picha za hospitali. Nikiwa huko nikaolewa na Mtanzania mwenzangu aliyekuwa wakala wa mizigo, na masomo yalipokwisha nikabaki. Ilikuwa miaka ile ya elfu mbili na kitu, mji ukijengwa usiku na mchana. Ukienda likizo nyumbani ukarudi, mtaa wako huujui. Wafanyabiashara kutoka kwetu walimiminika: watu wa Kahama, wa Mwanza, wa Mbeya, Wakongo wa Lubumbashi na Bukavu, wote wakifuata nguo, simu na mikoba. Wengi walikuwa wanawake, na wanawake hao walikuwa na miili, ingawa ukiwaona wanavyobeba mabegi ungefikiri hawajui.

Mwenye kliniki moja binafsi wilaya ya Haizhu, karibu na soko la vitambaa, aliliona hilo kabla ya wenzake. Akatengeneza kifurushi cha uchunguzi: damu, mkojo, moyo, tumbo, matiti, vyote kwa bei moja, majibu kabla ya kupanda ndege. Mimi niliajiriwa kwa sababu ya mdomo. Nilikuwa na Kiswahili, Kiingereza, Kifaransa cha kuombea maji, na Kichina kilichotosha kugombana. Ndani ya chumba cha picha nilikuwa msaidizi wa Dokta Liang.

Dokta Liang alikuwa mama mfupi aliyestaafu hospitali ya serikali, nywele amekata kama mvulana, viatu vya kitambaa, chupa ya chai haimwachi mkono. Baba yake alikuwa muuza vitambaa, na yeye alikulia chini ya meza ya duka. Siku yangu ya kwanza nilifika nimevaa koti jeupe nililolipiga pasi mara mbili. Akaniambia nilivue, na blauzi pia, nisimame kwenye mashine ya picha za matiti. Nilidhani ananitania. Akakanyaga pedali, lile bamba likashuka, likanibana mpaka nikaona nyota.

"Sasa unajua unachowafanyia watu," akasema. "Vaa, tuanze kazi."

Mengi mnayoyafanya leo niliwaletea kutoka kwa mama huyo. Kulipasha bamba kwa taulo la maji moto kabla mgonjwa hajaligusa, ni yeye. Kumpangia mwanamke wiki inayofuata hedhi, wakati matiti hayaumi sana, ni yeye. Kuuliza habari za poda ni yeye pia, ingawa hilo tulifundishwa sote na mama mmoja wa Kahama. Alikuja amejipaka poda ya mtoto kifuani na kwapani kwa wingi wa harusi. Picha ikatoka na vidoa vyeupe vimetawanyika kila mahali, vya aina ile inayomfanya daktari anyamaze. Dokta Liang akaisogelea ile taa ya kusomea picha, akanyamaza kwelikweli. Mama akaona sura zetu, akaanza kuwagawia watoto wake mali kwa sauti. Tukampeleka bafuni, akaoga, tukapiga upya, vidoa havipo. Alitukana poda ile mpaka ngazini.

Dokta na mwenye kliniki hawakuelewana tangu mwanzo, na ugomvi wao ulikuwa kile kifurushi. Mwenye kliniki alitaka kila aliyelipa apate kila kitu. Dokta Liang hakutaka. Alisema kule Kangle, kwenye vile vyumba vya kushonea nyuma ya soko, wanashona saizi za M na L kwa watu wasiowahi kuwaona, na kwa nguo haidhuru, isipokutosha utamgawia mwenzako. Titi hugawi. Kwa hiyo kila mwanamke alimwuliza: una umri gani, umezaa lini, umenyonyesha, nani wa damu yako aliugua ziwa, alikuwa na umri gani alipougua. Akishapata majibu ndipo anaamua. Huyu picha. Huyu altrasaundi, kwa sababu bado kijana na titi lake limeshonana, likipigwa picha linatoka jeupe, na uvimbe nao mweupe, utatafuta unga kwenye chokaa. Huyu vyote viwili, kila mwaka. Huyu aende zake mpaka afikie umri fulani, na akiona badiliko lolote aje siku hiyo hiyo.

Hao wa kuambiwa waende zao ndio waliotusumbua. Binti mmoja wa Dar, mbichi kabisa, alikataa kutoka kitini kwa sababu kifurushi amekilipia. Dokta akaniambia nimweleze kwamba mionzi siyo nyongeza ya dukani. Nikamweleza. Akaomba basi arudishiwe chenji.

Kasoro ya utaratibu ule ilikuwa moja, nayo tuliijua wote: maswali yalitegemea majibu, na majibu yalitoka kwa umati. Wetu hawaji hospitali peke yao. Unamwuliza mgonjwa, anajibu shangazi. Unamwuliza ana watoto wangapi, rafiki anasema wanne, mgonjwa anasema watano, wanaanza kuhesabu majina. Wachina nao hivyo hivyo, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa. Dokta alisikiliza, akachambua, akaenda na alichopata.

Ndipo wakaja Solange na Georgette.

Solange alikuwa mwanamke wa Lubumbashi, amepita arobaini, mpana, sauti ya kanisani. Alinunua magauni ya kike Kangle kwa maelfu, na wenye viwanda walimjua. Kabla hajaigusa nguo alikuwa ameshasema "tai gui le," ghali mno, halafu ndipo anauliza bei. Georgette alikuwa mdogo wake, thelathini na moja, mwembamba, mcheshi wa chini chini. Yeye ndiye aliyekagua mishono. Walivaa vitenge vya kufanana, walikula sahani moja, walilala chumba kimoja hotelini. Ukiwauliza, walisema wametoka tumbo moja. Georgette alimwita mwenziwe Yaya, ndivyo Wakongo wanavyomwita ndugu mkubwa.

Waliingia pamoja, wakakaa kiti kimoja kimoja, magoti yamegusana. Nikamwomba Georgette asubiri nje kidogo. Solange akanijibu kabla mwenziwe hajafumbua mdomo, akiniita dada kwa Kifaransa.

"Ma sœur, shiye tunafanyaka yote pamoja. Muulize tu."

Dokta akauliza kupitia kwangu: kuna mtu wa ukoo wenu aliyewahi kuugua ziwa?

"Hakuna," Solange akasema. "Kwetu bote beko bazima."

"Mama yenu?"

"Mama eko muzima ku Lubumbashi. Anashinda anapika."

Georgette akaitikia kwa kichwa, akaongeza kwamba mama huyo anapika kwa chumvi nyingi. Tukacheka. Dokta akaamua: Solange apigwe picha, umri wake unataka. Georgette hana haja. Atafundishwa kujichunguza, arudi akifika arobaini.

Nilipotafsiri, Solange aliinuka.

"Hapana. Tuko babili, mutupime bote babili."

"Dada, daktari anasema mdogo wako hana sababu ya kupimwa sasa."

"Nitalipa."

"Umeshalipa. Si habari ya kulipa."

"Basi nitalipa mara mbili! Mara tatu! Muambie docteur aseme bei yake!"

Mwenye kliniki angesikia angezimia kwa raha. Dokta Liang akatikisa kichwa, akasema "meiyou", hakuna, neno ambalo Solange alilijua vizuri maana alilisikia sokoni kila siku na kila siku alilishinda. Siku hiyo halikushindika.

Georgette alikuwa akicheka. "Yaya, docteur anasema niko muzima, na weye unakasirika? Twende. Container inafungwa kesho."

Solange akapigwa picha yake, ikatoka safi. Hakuuliza hata majibu. Wakashuka ngazi, mmoja akicheka, mmoja ameshika reli kama mzee.

Mchana Dokta Liang alikuwa akila wali wake wa kwenye kopo, ghafla akaweka vijiti chini.

"Yule mkubwa," akasema, "hakulalamikia bei."

Nikamwambia labda alikuwa na hasira.

"Dukani kwa baba yangu, mteja anayelazimisha kununua bila kupunguziwa alikuwa anajua kitu kuhusu kitambaa ambacho sisi hatukijui. Wanasafiri lini?"

"Keshokutwa."

"Nenda ukamwulize. Mdogo wake asiwepo."

Asubuhi yake nilijua Georgette atakwenda bandari ya Nansha na wakala, ambaye kwa bahati alikuwa mume wangu, kushuhudia kontena likifungwa. Nikaenda Kangle. Wale waliofika huko wanajua vile vichochoro: nyumba zimesogeleana mpaka jua linapita kwa ruhusa, cherehani zinaunguruma kila dirisha, vijana wanasukuma marobota na kukupigia kelele upishe. Nilimkuta Solange chumba cha chini, amesimama mbele ya rundo la magauni, anavuta mshono wa bega. Alikuwa anavuta kwa nguvu isiyo ya ukaguzi. Mshono ukaachia, gauni likapasuka, mwenye kiwanda akapiga ukelele. Solange akachukua lingine akaanza kulivuta hilo.

Nikamshika mkono. "Dada Solange. Nani alikufa kwa ziwa?"

Akatazama mlangoni kwanza. Halafu akakaa juu ya robota.

"Georgette haiko wa tumbo ya mama yangu," akasema polepole. "Mama yake ni Agnès. Mudogo ya mama yangu. Alikufaka na maladi ya ziwa, Georgette angali ananyonya. Mama akamuchukua, akamuweka ku ziwa yake mwenyewe, pamoja na mutoto wake mudogo. Akatuita shiye bakubwa, akasema: mutu atasema 'cousine', binamu, mu hii nyumba, atoke. Miye nilikuwa na miaka quinze, kumi na tano. Niliapa."

"Na Georgette hajui?"

"Hajui. Hakuna mutu anajua inje ya nyumba. Ukimuambia, ma sœur, utakuwa umeniua."

Sasa nikaelewa. Alikuwa amekuja kununua kipimo kwa njia anayonunulia kila kitu: weka pesa mezani, chukua mzigo, usieleze unakwenda kuuza wapi. Njia hiyo ilikuwa imemfikisha mbali. Imemjengea nyumba, imesomesha wadogo zake. Haikuwahi kumpitia akilini kwamba kuna duka ambamo kinachouzwa kinategemea unachosema.

Nilirudi naye kliniki. Nilijua ninachotaka: Dokta ampime Georgette kimya kimya, tutafute kisingizio, yaishe. Nilikuwa upande wa Solange, nasema wazi. Dokta Liang alisikiliza mpaka mwisho, akamimina chai, akampa Solange kikombe.

"Kumpima leo naweza," akasema. "Mwakani je?"

"Nitamuleta miye. Kila mwaka. Nitasema ni kifurushi."

"Ukiugua wewe? Mkikosana? Akiacha biashara akaolewa mji mwingine? Huyu si wa kupimwa mara moja. Ni wa kupimwa maisha yake yote, mapema kuliko wengine, kwa namna tofauti na wengine. Nikimpima leo nikamwambia uko safi, bila kujua kwa nini nimempima, nitakuwa nimempa ruhusa ya kulala. Ataondoka hapa yuko hatarini kuliko alivyokuja."

Nilitafsiri. Solange alilia bila sauti, kikombe mkononi, chai haijapungua.

"Muulize," akaniambia, "kama anaweza kupima kwanza. Kama ni mubaya, nitasema. Kama ni muzuri, ninyamaze."

Dokta alikataa. Nilimchukia saa ile. Nilimwona mtu aliyezoea kusoma matiti kwenye taa, hajui kinachosomwa nyumbani kwa watu.

Georgette alirudi kutoka Nansha jioni, vumbi kichwani, amefurahi kontena limefungwa. Solange akamwambia wanarudi kliniki, docteur amebadili mawazo. Sijui kama alikuwa ameshaamua kusema. Nadhani hadi ngazini alikuwa bado anabishana na nafsi yake. Nilimpa Georgette khanga, akaingia nyuma ya pazia kubadilisha. Solange akasimama upande huu wa pazia, mimi kando yake, Dokta mezani amegeuza uso ukutani. Nje ya dirisha winchi za ujenzi zilikuwa zikilia kama kawaida.

"Georgette," Solange akasema kupitia pazia. "Mama hakukuzaa."

Ndani zile harakati za nguo zikakoma.

Akasema yote, kwa sentensi fupi, kichwa chini, kama mtu anayetoa miiba mguuni. Agnès. Ziwa. Kiapo. Alipomaliza, sauti ikatoka nyuma ya pazia, ndogo, haina hasira bado.

"Agnès wa picha? Ule wa ku salon ya nyumba?"

"Ule."

"Kila Noeli munanituma miye nipanguse ile picha."

Solange akashika ukingo wa pazia, hakulifungua.

"Mulikuwa munanitazama," Georgette akasema. "Bote. Nilikuwa napangusa mama yangu na munanitazama." Pazia likafunguka. Amejifunga khanga, uso umekuwa wa mtu mwingine. Hakumtazama Solange. Alinitazama mimi. "Atoke. Mutaniuliza miye peke yangu."

Solange akatoka, akakaa kwenye benchi la korido. Nikafunga mlango. Ndiyo mara ya kwanza katika kazi yangu kumwuliza mwanamke maswali yale bila ndugu hata mmoja chumbani, na aliyeniamuru ni mgonjwa.

Dokta akaanza upya. Mama yako mzazi aliugua akiwa na umri gani?

"Sijui," Georgette akasema. "Muulize ule wa inje."

Nikafungua mlango, nikaenda kwenye benchi, nikauliza. "Trente-quatre," Solange akasema. Nikarudi: thelathini na nne.

Ziwa moja au yote mawili? Nikatoka tena. Moja, la kushoto. Bibi yao, mama wa Agnès? Alikufa naye kijana, Solange akasema, kifua kilioza, watu wakasema amelogwa. Nikarudi na hilo pia. Nilikuwa napita mlango ule nikibeba habari za mtu na kumpelekea mwenyewe, kila jibu likimwongezea uzito usoni, na dada mtu yuko hatua chache tu, wanasikiana pumzi. Dokta Liang alipolisikia la bibi alivua miwani akaisugua, ingawa haikuwa na ukungu.

Akamlaza, akapaka ile jeli aliyoipasha moto, akapitisha altrasaundi polepole, titi la kulia, la kushoto, makwapa. Nilikuwa nasoma uso wake kuliko kioo cha mashine. Akarudia la kushoto. Akarudia tena. Ndipo akachukua karatasi laini akamfuta Georgette mwenyewe, kazi ambayo siku zote huifanya msaidizi.

"Hakuna kitu," akasema. "Mwakani urudi. Kabla ya mwaka kama utahisi lolote."

Georgette akavaa, akanishukuru, akaaga. Korido aliipita kama benchi lile halina mtu.

Walirudi Lubumbashi kwa ndege moja, viti mbalimbali. Mume wangu akaniambia mizigo yao tangu hapo imetenganishwa, kila mmoja na alama yake. Na mimi nikakaa na swali ambalo sikumwuliza Dokta kwa kuogopa jibu langu mwenyewe: tumevunja nyumba ya watu kwa ajili ya picha safi? Kama majibu yalikuwa mazuri, si tungenyamaza tu?

Mwaka ulipokaribia kwisha, Solange alikuja Guangzhou peke yake. Alipita Kangle akanunua kwa bei ile ile aliyoambiwa, mpaka wenye viwanda wakaniuliza kama ni mgonjwa. Akaja kliniki, akaketi kwenye benchi lile lile.

"Alikuja?"

Nikamwambia siwezi kumwambia habari za mgonjwa.

"Usiseme. Tikisa kichwa tu."

Sikutikisa. Akaja kesho yake, akakaa tena, mkoba mapajani. Siku ya ndege yake akanishika mikono yote miwili, akaondoka. Ukweli ni kwamba Georgette hakuwa amekuja. Mwezi wake ulipita. Dokta Liang kila asubuhi aliniuliza kwa nyusi tu, nami nikamjibu kwa nyusi. Nilimtumia Georgette ujumbe, nikampigia simu, haikupokelewa. Nilikosa usingizi, nasema kweli, nikimwona aliyeambiwa ukweli wote na akaamua kutofanya nao kitu, na ingekuwa haki yake.

Alikuja asubuhi moja ya mvua, nimeshakata tamaa. Mwembamba zaidi, mwavuli wa sokoni, hakuna mtu nyuma yake.

"Nilikasirika na bote, hata na nyinyi," akasema. "Halafu nikapangusa ile picha, Noeli. Nikamuangalia. Ni kijana kabisa, ma sœur. Ni mutoto. Nikasema, huyu hakupata mutu wa kumuambia."

Altrasaundi ilipofika titi la kushoto, upande wa nje, mkono wa Dokta ulisimama. Hapakuwa na kitu cha kushika kwa vidole. Nilijaribu mwenyewe, sikukipata. Kwenye kioo kilikuwa kama punje ya mchele, chenye kingo zisizonyooka. Tukapiga na picha, ikatoka nyeupe tupu, haioneshi chochote. Kama angekuwa amepimwa kwa kifurushi, kama kila mtu, angeondoka na cheti cha uzima. Dokta akachukua kinyama kwa sindano. Majibu yakarudi kama tulivyoogopa, ila yalirudi mapema, na hilo ndilo lililobadilisha kila kitu. Hospitali kubwa ya mjini ikakubali kumpasua wiki hiyo.

Kabla ya kumpeleka, Dokta alimwuliza: akizinduka, nani awepo? Nani tumpigie?

Nilikuwa nimeshatoa kila mtu nje, hata mfagiaji. Georgette akautazama mlango.

"Dada yangu," akasema.

Nikatafsiri. Kichina kina neno lake kwa dada wa tumbo moja na neno jingine kwa binti wa mama mdogo au mama mkubwa, na Dokta Liang, mtu wa usahihi, akauliza ni yupi. Ilibidi nimwulize Georgette. Nilidhani atakasirika.

"Muambie docteur," akasema, "pa maladi, ni binti ya Agnès, asisahau hata siku moja. Pa kunishika mukono, nina dada. Anaitwa Solange."

Georgette yu mzima hadi leo. Ana binti mkubwa, na binti huyo ameshaambiwa kila kitu, akiwa peke yake, na anapimwa kwa ratiba yake mwenyewe. Dokta Liang ametangulia, Mungu amrehemu. Mimi nilirudi nyumbani, nikaja kwenu, nikawaletea taulo la maji moto na ukali wangu.

Ila nadhani hamkunitazama vizuri. Mliona ninavyofunga mlango, hamkuona ninavyoufungua. Mgonjwa akishamaliza kujibu, swali langu la mwisho kwake huwa ni nani aingie sasa. Nilijifunza siku ile nilipopiga simu Lubumbashi. Laini ilikuwa inakatika katika. Nikamwambia Solange uvimbe umepatikana, ni mdogo, wanampasua, anaombwa aje. Nilitegemea aulize ni hatari kiasi gani. Hakuuliza.

"Alisema nani aje?" akaniuliza. "Ma sœur, aliniita nani?"

Nikamwambia. Nikasikia anawaambia watu wa nyumbani kwa sauti kubwa, analirudia lile neno, dada, dada.

Alifika na ndege ya kwanza aliyopata, hana begi. Nilimkuta korido ya hospitali, kwenye benchi, mkoba mapajani, miguu ameibana kama msichana wa shule. Nikamwambia ainuke aingie.

"Si munasema ndugu babaki inje?"

"Ameshazinduka," nikamwambia. "Anakuuliza wewe."